Kuba la Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Machi
Kiti ni kimoja! Nyambizi yetu mpya ina kuba la plastiki angavu, unene wa kiganja, na ndani anaenea mtu mmoja tu. Mhandisi amemchagua shemeji, mume wa dada yangu. Mimi nimepewa tambara. Haya. Nitalisugua mpaka Mhandisi ajiulize mtu huyu alijificha wapi.

Jumanne, 5 Machi
Sabuni haing'arishi. Nimetumia spiriti. Limewaka kama kioo cha saluni! Shemeji kauliza siri yangu. Nikamwambia ni kipaji.

Jumatano, 6 Machi
Mhandisi ametueleza jinsi plastiki inavyohimili baruti majini. Eti maji yanaibana pande zote, nayo ikibanwa inajikaza. Mshindo mwingi unapita tu. Hatari ni ule unaorudi nyuma ukiivuta, hasa penye ufa. Kisha akasema, kama anayekumbuka kitu kidogo, kwamba spiriti huitia nyufa nyembamba kama nywele. Nimekwenda kutazama kwa tochi. Nywele tele!

Alhamisi, 7 Machi
Dada kapita kazini, anacheka, anamfunga mumewe kifungo cha shati. Jumamosi shemeji anashuka baharini, na baruti italipuliwa karibu naye kupima uimara wa kuba. Moyo umeniuma. Nampenda dada yangu. Hata shemeji, kwa kiasi. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, dada hana mume. Nimewaza kutwa. Mwishowe nikamwambia Mhandisi nimeota ndoto mbaya, tujaribu kwanza bwawani bila mtu. Kanicheka sana, lakini kakubali.

Ijumaa, 8 Machi
Kitini tuliweka gunia la mchanga. Baruti ndogo tu. Maji yaliruka, kuba likapasuka vipande vipande. Gunia tulilitoa limechanika katikati. Shemeji akanikumbatia huku analia, akaniita ndugu yake. Nikalia pia. Nilitaka kumwambia habari ya spiriti, nikaona aibu.

Jumatatu, 18 Machi
Kuba jipya limefika! Mhandisi, ambaye sasa ananiita mwenye maono, hataki mtu aliguse hata kwa kidole. Shemeji anashuka kesho. Nimefikiri sana. Aliyeokoa maisha ya mtu anastahili jina lake lionekane. Nimenunua rangi ya mafuta, ile kali yenye harufu ya spiriti, ya kupasua kichwa. Nitaandika kwa herufi ndogo, mbele ya macho ya shemeji. Na kuligusa sitaligusa. Nina brashi.