Kiti-Mwavuli na Uzito wa Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Mhadhiri kagawa kazi: kila kundi libuni kifaa cha kuwasaidia wazee. Sisi tupo watatu, mawazo matatu, na moja tu litaenda mbele Ijumaa. Langu ni kiti-mwavuli. Jua likiwaka, mwavuli. Miguu ikichoka, kiti. Akili hizi nimezitoa wapi mimi? Rula (tunamwita hivyo kwa sababu hupima hata mkate kabla ya kuukata) kaleta kifaa cha kufungulia mifuniko iliyokaza. Basi! Mpini na kipande cha mpira! Mkimya ana kisanduku cha dawa kinacholia saa ikifika. Kinalia kama mbu.

Lazima nishinde. Somo hili nalirudia. Nikifeli tena, baba ameshasema, nifunge virago niende kupiga randa kwa baba mdogo. Baba mdogo huimba akipiga randa. Kutwa nzima!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu nimeipata. Wazo linachaguliwa kwa jedwali: kila kigezo kina uzito wake, wazee watatu wanatoa alama hadi kumi, alama zinazidishwa kwa uzito. Nikajitolea kuwa katibu. Wenzangu wakanishukuru, masikini. Usalama nikaupa uzito wa mbili. Urahisi, tatu. Halafu nikachomeka kigezo changu mwenyewe, Kushangaza, nikakipa kumi! Nani atashangazwa na mpini?

Mkimya akasaini huku anapiga miayo. Rula akasoma mstari kwa mstari, jasho likanitoka, kisha akatabasamu akasaini. Mhadhiri akagonga muhuri: hakuna kubadilisha tena. Akaongeza kwamba Ijumaa kifaa kilichoshinda atakijaribu yeye mwenyewe, na kikimharibikia, kundi zima sifuri. Sawa tu. Hainihusu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Bibi yangu kakalia kiti-mwavuli kukijaribu. Kiti kikajikunja naye ndani. Miguu juu, mwavuli ukafunguka. Nusu saa nzima na bisibisi kumtoa. Hajaumia, namshukuru Mungu, ila maneno aliyonimwagia siwezi kuyaandika hata humu. Na mhadhiri ana uzito wa bibi mara mbili!

Nikisema ukweli, nimeumbuka. Nikinyamaza, sifuri, na wale wawili hawana kosa. Mkimya anasomeshwa kwa ufadhili, akifeli unakatwa. Roho inaniuma. Sasa inabidi nishindwe. Na jedwali langu mwenyewe lina muhuri!

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya alama. Wazee wetu: bibi, mlinzi mmoja mstaafu, na mama mshona nguo aliyeletwa na Rula. Nikamvuta bibi pembeni, nikamsihi akipe kiti changu sifuri kwenye Kushangaza. Akasema tangu azaliwe hajawahi kushangazwa namna ile, na uzeeni hataanza kusema uongo. Kumi! Wengine nikawazuia wasikikalie, nikadai rangi bado mbichi. Mlinzi akasema miavuli ameshaiona. Akakipa mbili, mshonaji naye tatu. Nilitaka kumbusu.

Kisanduku cha Mkimya kikalia, wazee wakapunga mikono kufukuza mbu. Ikaja zamu ya mpini. Mama mshonaji akatoa mkobani chupa ya vifungo. Mfuniko umegoma miaka mitatu. Wameujaribu kwa maji moto, kwa kisu na kwa mume wake. Rula akampa mpini. Paf! Vifungo vikaruka hadi kwenye chai ya mlinzi. Mama akarukaruka kama msichana. Kumi! Mlinzi naye, anatoa kifungo mdomoni, kumi! Bibi akataka apewe mpini wake hapo hapo. Mkimya akapiga hesabu mara mbili: mpini umeshinda kwa mbali, na kilichoubeba ni Kushangaza.

Afadhali! Afadhali mara mia! Nikamkumbatia Rula. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo kwanza nimepona.

Ijumaa, 7 Machi
Mhadhiri kafungua chupa nne, akawa anatafuta ya tano. Tumefaulu! Baba kasema kwenye simu ataamini akiiona karatasi, lakini sauti yake ilikuwa inacheka. Baba mdogo aimbe na randa yake peke yake. Mkimya, ambaye hajawahi kutamka maneno matatu mfululizo, kaongea hadi koo likamkauka.

Mhadhiri akauliza nani alibuni kile kigezo cha Kushangaza, maana kimempendeza sana. Nikanyoosha mkono kwa unyenyekevu.

Nje, Rula akaniambia mshonaji yule ni mama yake. Chupa ile ya vifungo imekaa dirishani kwao miaka yote. Jumanne alipoiona kumi yangu, aliikumbuka chupa, ndipo akatabasamu. Mjanja yule! Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nimekula maandazi manne.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi mpya: kifaa cha kulaza wageni kwenye chumba kidogo. Nimeshajitolea kuwa katibu. Rula kaafiki haraka ajabu. Wazo langu: kabati-kitanda. Kigezo kipya: Ujasiri, uzito kumi na tano! Safari hii nani atanishinda?

Nimeenda kumwomba bibi aje kulijaribu kesho. Kafunga mlango kwa ufunguo. Nitaongea naye dirishani.