Hotuba ya Kuzindua Mikebe ya Misuli, Iliyotolewa na Kukhu Teresa kwa Niaba ya Mheshimiwa Ambaye Hakufika

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Misuli na Ustawi wa Vijana Wanaspoti, ambaye hayupo. Mheshimiwa Naibu wake, ambaye yuko njiani tangu asubuhi na barabara bado haijamtapika. Mheshimiwa Katibu wa Naibu, ambaye simu yake imezimwa. Kijana Eugene wa ofisi yao, ambaye yupo, ameketi pale kwenye meza ya mikebe na anatoka jasho kama mtungi mpya. Mzee wa mtaa Osiako, uliyenipa hii maiki na sasa unajuta. Wachungaji wa makanisa yote, ya ngoma na ya kinanda. Kocha wetu wa raga. Wachezaji wetu, simameni wima, mnaonekana kama miwa ya mtu mvivu. Akina mama mlioacha vyungu motoni mkaja kuona maendeleo. Pamoja na kuku wangu wa kienyeji, ambao pia hawapo, na waliowafanya wasiwepo wanajijua: itifaki imezingatiwa. (Kicheko. Mzee Osiako anafuta miwani.)

Tumekaa kwa huu uwanja tangu umande. Sasa Eugene amepigiwa simu, ameambiwa Mheshimiwa Mkurugenzi ameitwa kwa warsha ya dharura, na hotuba ya uzinduzi imebaki ndani ya mkoba wake huko huko. Mimi nikasema, shida iko wapi? Hotuba yake naijua. Alipokuja kututambulisha mradi alihutubia, alipokuja kuchukua maoni ya wananchi akahutubia, alipokuja kupima kiwanja akahutubia, alipokuja kuweka jiwe la msingi akahutubia, na kila mara, kwa sababu lango langu ndilo linatazama uwanja, alikula kwangu akifanya mazoezi ya hotuba mdomo ukiwa umejaa. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini masikio yangu yamefika chuo kikuu. (Makofi.)

Osiako, lete koti lako. (Anavaa koti. Linafika magotini. Anakohoa vile Mheshimiwa hukohoa.)

Wananchi watukufu! Mimi kama Mheshimiwa, niliyesoma mpaka vitabu vikaomba likizo, niliyetumwa ng'ambo kufanya benchimaki ya misuli, nikakaa hotelini majuma mazima nikiwatazama wazungu wakila mayai, nimerudi kwenu nikiwa na freimuwaki. Freimuwaki hii ina nguzo, nguzo zina vitengo, vitengo vina kamati, na kamati zina chai. Kupitia kapasiti bildingi na kwa kuwashirikisha masteikiholda wote kutoka mashinani hadi kule juu ambako hamruhusiwi kupanda, ofisi yangu sikivu imegundua kwamba kijana wa Khwisero ni mwembamba. (Sauti: "Kweli kabisa!") Takwimu zetu zinaonyesha kwamba asilimia tisini ya vijana wa hapa wana mikono miwili, na hao asilimia kumi waliobaki pia wanayo, ila hawakuwa nyumbani siku ya kuhesabiwa. (Kicheko.) Lakini mikono hiyo, ndugu zangu, haijafikia kiwango cha kimataifa! Ndiyo maana nimewaletea mikebe hii mnayoiona mezani, imefungwa utepe mwekundu, imeandikwa lugha ambayo hata Eugene haijui, na ina picha ya mtu asiye na shati wala shingo. Ndani yake ni unga wa protini. Kijana atatia vijiko kwa maji, atakoroga, atakunywa, atalala mtu na ataamka lori. (Vigelegele kutoka kwa wachezaji.)

Pigeni kelele tu. Huo ni ukurasa wa kwanza. Na kwa vile hii koti imenifanya Mheshimiwa, naongeza yangu kidogo kabla ya ukurasa wa pili.

Shikanga! Wewe, mjukuu wangu, usijifiche nyuma ya kocha, kocha mwenyewe hana upana wa kumficha mtu. Wasiojua kwa nini mimi na huyu mtoto tunazozana, wajue leo. Jumamosi kuna mchujo wa timu ya raga ya kaunti. Mwaka jana alikimbia na mpira vizuri sana, watu wakasimama, halafu akakutana na Kipkemboi wa Lugari, kijana aliyelelewa kwa maziwa akakua kama lango la kiwanda. Shikanga alilala chini mpaka tukaanza kuulizana nani ana blanketi. Hakuchaguliwa. Tangu siku hiyo anajipima mkono kwa kamba ya mbuzi, asubuhi na jioni. Na tangu mikebe hii iletwe, hakuli vizuri. Nikimpa maharagwe ananiambia mimi bibi yake, "Kukhu, hiyo ni chakula ya wazee." Nikimpa obusuma na omena, ugali niliousonga mwenyewe na dagaa wa ziwani, anasema, "Kukhu, wacha tu, nangoja protini." (Kicheko. Shikanga: "Ai, Kukhu, mbele ya watu?")

Mbele ya watu, ndiyo. Si ulikataa kunisikia tukiwa wawili? Unangoja protini na omena iko mbele yako inakutolea macho! (Shikanga: "Kukhu, hata wachezaji wa Ulaya wanatumianga hiyo unga.") Wa Ulaya ana daktari wake, ana mpishi wake, ana mtu wa kumkanda miguu na mwingine wa kumbebea viatu. Wewe uko na mimi. (Makofi ya akina mama.) Na mimi sijui ni nini kiko ndani ya hiyo mkebe, wewe hujui, kocha hajui, Eugene ndiye hajui zaidi. Mtu mzima ambaye daktari amempima akamwambia, mwili wako umekosa kitu fulani, tumia hiki, huyo sina neno naye, akoroge anywe. Lakini mtoto ambaye mifupa yake bado inarefuka, suruali ya Krismasi imeshakuwa kaptula, unamjaza unga usiojulikana ulikotoka ili iweje? Mnasahau pia kwamba wachezaji hupimwa mkojo. Kuna unga mwingine watu huchanganya na dawa na hawaandiki kwa mkebe. Kijana anakunywa akidhani ni kama maziwa, anapimwa, anafungiwa nje ya mchezo kama mwizi wa mahindi, na aliyempa hata kwenye picha hayuko. Hapa kwetu fahali wa kupigana akishukiwa tu amenyweshwa kitu, kelele yake inasikika hadi Mukumu. Huyo ni fahali! Sasa mtoto wa mtu? (Wazee wanatikisa vichwa. Eugene: "Kukhu, samahani, muda…")

Muda? Mlipokuwa mkila kwangu, kuna mtu aliangalia saa? Keti, kijana, nikuambie protini yetu ilienda wapi.

Sisi watu wa huku tuna adabu. Mgeni akibisha hatuulizi ameleta nini, tunaangalia kuku aliye karibu. Mheshimiwa alipokuja kututambulisha mradi nilichinja yule mweupe, na firigisi, ile imondo, akawekewa yeye kwenye sahani yake, vile desturi inataka. Alipokuja kuchukua maoni yetu nikachinja wa madoadoa. Maoni hatujui yaliandikwa wapi, lakini mifupa tuliizika. Siku ya kupima kiwanja akaenda mwenye kishungi. Siku ya jiwe la msingi akaenda mama yao wote. Na hao ndio kuku waliokuwa wakitaga mayai ambayo Shikanga alikuwa anakulanga kabla ya mazoezi! Yai asubuhi, maziwa kidogo jioni, njugu mfukoni, mtoto akaanza kutoa mabega, mimi mwenyewe nikayaona nikifua shati. Halafu mradi wa protini ukaja, ukala protini. (Kicheko kirefu. Mtu anapiga ngoma.)

Mnacheka nini? Nyote mlichinja. Mama Gentrix, bata wako yuko wapi? Osiako, ulichinja batamzinga wa shemeji yako na hukumwambia mpaka leo! (Osiako: "Teresa, hiyo tungeongea nyumbani.") Hakuna aliyetulazimisha. Tunamwekea mgeni mapaja, watoto wanapewa mchuzi na shingo, kisha tunasimama kando ya uwanja tunashangaa kwa nini Lugari wanatuangusha. (Mama Gentrix: "Lakini Kukhu, mgeni si ni baraka?") Mgeni ni baraka, mama, sikatai. Lakini baraka haiji na magari matatu na mifuko ya kubebea mabaki. (Vigelegele.)

Haya, narudi kwa Mheshimiwa nisije nikashtakiwa kwa kuharibu hotuba ya serikali. Mimi Mheshimiwa naahidi, na mnajua ahadi yangu haijawahi kupungua, kila mwaka inaongezeka: Kituo cha Misuli cha ghorofa kitajengwa pale mnapoona ng'ombe amelala. Awamu ya kwanza itachunguza awamu ya pili. Kila kata itapata mkebe, kila mkebe utapata kijiko, kila kijiko kitapata afisa wa kukisimamia, na kila afisa atapata gari la kumfikisha kwenye kijiko. Fizibiliti imekamilika, tenda imetangazwa, mwanakandarasi yuko mbioni, na mimi naamini anakimbia kweli, maana hakuna aliyemwona. Semeni na mimi: Misuli! (Umati: "Yetu!") Protini! ("Juu!") Maharagwe! (Akina mama peke yao: "Juu zaidi!") Omena! (Wazee: "Juu kabisa!")

Sasa kwa mamlaka niliyopewa na hii koti, nakata utepe.

(Eugene anasimama: "Kukhu, tafadhali. Mheshimiwa alisema atakuja kukata mwenyewe siku nyingine.") Mheshimiwa ni mimi, hujaona mikono ya koti? Lete makasi. Huna? Nitakata na meno, bado ninayo. (Anakata. Makofi.) Na kwa kuwa watoto wetu ndio watakunywa, acha mimi mzee nionje kwanza. Nikianguka, mtajua. (Eugene: "Usifungue, Kukhu! Hizo ni za kupiga picha tu!")

(Anafungua mkebe. Anauinamisha. Hakuna kinachomwagika. Anafungua wa pili, anaugonga kwa kiganja. Unalia kama debe. Wachezaji wanakimbilia meza.)

Eugene. Mtoto wa mwenzangu. Unga uko wapi? (Eugene, chini chini: "Hakuna, Kukhu. Hata kituo hakuna. Lile jiwe la msingi lilirudishwa kwa gari jioni ile ile. Walitaka picha za ripoti.") Sema kwa maiki, wa nyuma wasikie. (Eugene anasema kwa maiki.)

Basi, kwa heshima na taadhima, natoa shukrani za ofisi. Asante, Mheshimiwa, kwa kituo ambacho hakikuwahi kuwepo, kwa hivyo hakitamwangukia mtu. Asante kwa unga ambao haukununuliwa, maana huo ndio pekee nina hakika hautagusa figo za mtoto wangu. Tumebishana nyumba kwa nyumba, wanywe, wasinywe, mke na mume wakanuniana, kanisa likagawanyika, kumbe tunagombania hewa iliyofungwa kwa utepe. Sisi tulikula kwa macho, wewe ukala kwa meno. Asante sana. (Watu wanacheka, lakini wachezaji hawacheki. Shikanga amechuchumaa kando ya meza, mkebe mtupu mkononi.)

Inuka. Nimesema inuka, si matanga haya. (Shikanga: "Na Jumamosi, Kukhu? Kipkemboi atanivunja. Nilikuwa nategemea hii.")

Sikiza, na hii sasa siyo ya Mheshimiwa. Mimi nilikuwa kando ya uwanja mwaka jana, nilikuwa karibu kuliko kocha. Kipkemboi hakukupata kwa mbio. Ulikuwa umeshamwacha, halafu ukapunguza mwendo ukamwangalia yale mabega, na ndipo akakufikia. Hakuna unga wa kutibu hiyo. Jumamosi usimwangalie. Mpite. (Kocha: "Ni kweli, Shikanga. Kukhu anasema kweli.") Nyamaza, kocha, ungemwambia wewe mwaka mzima uliopita.

(Shikanga anaweka mkebe mezani. Anafuta pua kwa mkono wa jezi. "Kukhu… kuna maharagwe?")

Yapo, ya jana, na njugu ndani. Lakini kwanza beba viti vya watu uvirudishe kanisani, wewe na timu yako yote, viwili viwili kila mkono, mkikimbia. Eugene, na wewe mbebee Osiako kipaza sauti, ukimaliza uje ule. Hukosi njaa, na wewe ni mtoto wa mtu. Mkutano umefungwa.