Koti la Osborn na Sura ya Kumi na Nane

Jumatatu, 1 Machi 1965

Busia. Sina amani. Wazee wa ukoo wameamua. Jumamosi tunaondoa matanga ya ndugu yangu Osborn, na koti lake nitavishwa mimi. Anayevishwa koti amerithi mjane. Ndugu wa tumbo moja nimebaki peke yangu.

Mjane ni Leonida, muuza samaki. Mwaka jana alimkimbiza askari wa ushuru hadi ng'ambo ya mpaka, samaki kamongo mkononi kama rungu. Namwogopa. Mke wangu Metrine namwogopa zaidi. Amesema kwa upole kwamba siku Leonida akiingia boma hili, yeye atabaki, nitakayetoka ni mimi. Upole ule ndio unaonitetemesha.

Jumanne, 2 Machi

Nimepata silaha. Mambo ya Walawi, sura ya kumi na nane: mke wa ndugu yako ni marufuku. Waliandika Waebrania, si mimi. Nimeandika hoja hadi wino ukaisha. Okanya, binamu yangu na msemaji wa wazee, ataaibika hadharani. Hajanisamehe tangu niandike gazetini kwamba hoja zake ni kama kuku aliyechinjwa: mbio nyingi, kichwa hakuna.

Ila nimeona jambo la kutisha. Orodha ile inamtaja shangazi, inamtaja dada wa mama, inamtaja mke wa baba mdogo. Binti wa baba mdogo hayumo. Kwetu huyo ni dada. Hata mwanamke wa ukoo wetu usiyemjua ni dada. Nikiisoma yote, vijana wataoana wao kwa wao na laana itaandikwa jina langu. Nitasoma kwa kuchagua.

Alhamisi, 4 Machi

Kwa baiskeli hadi Tororo, kwa padri mzee asomaye Kiebrania. Mpakani askari akanisimamisha. "Mzee, nakwenda wapi na karatasi mingi hivi?" Nikamwambia ni elimu. Akauliza kama hiyo nayo inalipiwa ushuru.

Padri alinisikiliza, akakubali kila neno. Nikaanza kupumua. Kisha akauliza kama marehemu aliacha mtoto. Hakuacha. Akafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na tano: mtu akifa bila mtoto, ndugu yake amtwae mjane. Wataalamu wengi, akasema, huona Walawi ndiyo kanuni, na hii ni hali ya pekee.

Hali ya pekee ni mimi. Njia nzima ya kurudi, kila mwanamke mwenye kapu alikuwa Leonida.

Ijumaa, 5 Machi

Okanya akiuona ukurasa ule wa Kumbukumbu nimekwisha. Kikaoni wazee hukubali Biblia moja tu, ile ya ukoo, na inakaa kwake. Nimekwenda jioni kujifanya naikagua, uji mzito wa muhogo nikiwa nao kwenye kopo chini ya koti. Okanya alikuwa uani anakohoa. Kila akikohoa niliifunga Biblia, kisha nikaifungua upya. Lakini nimeugandisha. Kurasa zimeshikana kama ndugu wasiodaiana.

Jumamosi, 6 Machi

Nilisimama. Niliomba Biblia, nikatafuta Walawi kumi na nane. Haikufunguka. Kwa hofu ya jana nilikuwa nimegandisha hoja yangu mwenyewe.

Okanya aliunusa ukurasa, akauliza wazee kama Musa alikula muhogo. Wakacheka hadi fimbo zikaanguka. Nikasema ninayo sura yote kichwani. Akanijibu kwamba kichwa changu ukoo unakijua. Kisha akafunua Kumbukumbu kama mtu anayefunua sufuria ya kwake, akasoma kwamba nimtwae mjane. Koti likaletwa.

Leonida akainuka. "Soma mpaka mwisho, shemeji," akamwambia Okanya. "Mbona unameza na mifupa?"

Okanya akasoma kwa sauti ndogo: ndugu akikataa, mjane amvue kiatu, amtemee mate usoni, basi.

Leonida akanigeukia. Akauliza kama namtaka. Nikatikisa kichwa. Akainama, akanivua kiatu cha kushoto, akatema. Alikuwa na shabaha. Akawaambia wazee kwamba sasa yuko huru kwa maandiko yao wenyewe, na samaki wake wanaoza. Wanawake wakapiga vigelegele. Metrine alianza.

Nimeokoka.

Jumapili, 7 Machi

Nimeamka na hasira. Leonida hakusita hata kidogo! Mtu msomi, mwenye baiskeli, kutemwa kama mwiba wa samaki.

Nimesoma upya. Hoja zangu za Walawi zilikuwa dhaifu, nazikana. Kumbukumbu iko wazi: kurithi ni wajibu. Na mabingwa wa kale wa Kiyahudi walisisitiza kiatu cha kulia. Alichovua Leonida hakihesabiki. Naandika waraka mpya kuthibitisha kwamba kisheria yeye bado ni wangu. Si kwamba namtaka. Mungu aniepushe. Ni kanuni. Nitadai kikao kingine, na koti liletwe.

Metrine yuko mlangoni, anauliza ninaandika nini. Nimemwambia ni mambo ya Waebrania tu. Amevuta kiti. Anasema, kwa upole, niendelee, yeye atasoma nikimaliza.