Habari za Maduhu wa Didia Alipokwenda Ziwani Kununua Mtumbwi

Enyi mlioketi vibarazani, sogezeni vigoda. Enyi mnaotwanga, uwekeni mchi chini kitambo kidogo. Na wewe unayejiona una haraka, iegemeze baiskeli yako ukutani uje uketi, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa mguu mmoja. Nitawasimulia vita vya Nungwe, vilivyopiganwa ufukweni mwa ziwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili, baina ya Maduhu mwana wa Didia na Ignas Mwenye Kofia, na katikati yao mtumbwi mmoja wa buluu na mafahali watatu. Watakuwapo watakaosema kwamba vita hivyo havikutajwa redioni. Ni kweli. Redio ya siku zile ilikuwa na mengi ya kusema juu ya nchi za mbali, nayo haikutujua.

Maduhu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Mageni. Huyu ndiye Maduhu Mtuliza-Mafahali, Maduhu Kivuli-cha-Zizi, ambaye kwa mluzi mmoja aliligeuza kundi zima kama mwanamke ageuzavyo ukili mkononi. Alizaliwa Didia, mashambani huko Shinyanga, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe, na hayo nayo aliyaona yakiisha. Baada ya vita vya Hitla alihamia na jamaa yake karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita, auze maziwa kwa wachimbaji. Huko akagundua jambo lililomuumiza moyo: mchimbaji akitoka chini ya ardhi hatamani maziwa, hutamani samaki. Wanawake wa ziwani waliwasili na matenga ya ningu na sato, na kabla jua halijawa kali matenga yalikuwa matupu, ilhali Maduhu amesimama na vibuyu vyake vimejaa, maziwa yakiganda kwa kumhurumia.

Akaazimia kumiliki mtumbwi. Na kama ilivyo kwa mashujaa wote, azimio lilipoingia tu, mshawishi naye akatokea. Habari zikamfikia kwamba kule Nungwe pana mtu anauza mtumbwi wa mbao, mzima kabisa, kwa mafahali watatu tu.

Sasa mjue wale mafahali walikuwa ni nani. Hawakuwa ng'ombe wa kufugwa tu. Walikuwa mahari ya Januari, mtoto wa kwanza wa Maduhu, aliyemchumbia binti wa mzee Bujiku. Mzee huyo alikwisha kuja akawatazama pembe, akawashika nundu, akaridhika. Baada ya mavuno wangepelekwa. Bila mafahali wale hapakuwa na harusi, na Januari alikwisha kununua viatu.

Dada yangu Mageni alisimama mlangoni mwa zizi akatoa hotuba.

"Baba Januari," alisema, "mafahali hawa wana kazi. Ukiwabadilisha kwa ubao unaoelea, basi wewe mwenyewe utakwenda kwa Bujiku ukamweleze, na mimi nitabaki hapa nikimenya karanga."

"Mama Januari," akajibu Maduhu, kifua mbele, "mtumbwi utazaa samaki, samaki watazaa fedha, na fedha itazaa mafahali wengine. Mtoto ataoa, nami nitabaki na mtumbwi."

"Umewahi kuuona mtumbwi una mimba?"

Shujaa akafungua zizi. Ndipo dada yangu akanigeukia. "Thobias, nenda naye. Usiseme sana, maana nakujua. Uwe shahidi tu."

Tukaondoka alfajiri, jeshi la watu wawili na mafahali watatu, vumbi likitutangulia kama mpiga mbiu. Njiani Maduhu alikataa kuwanywesha wanyama. Alisema ng'ombe mwenye kiu hatembei, hukimbia. Tulipokivuka kilima cha mwisho, ziwa likajilaza mbele yetu lote, halina ng'ambo. Maduhu akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakosa mahali pa kuyaweka macho yake.

"Shemeji," aliniuliza kwa sauti ya chini, "lambo hili ni la nani?"

"La Mungu, shemeji."

"Basi Mungu ana ng'ombe wengi," akasema, akashuka kilima bila hofu.

Ignas alitupokea kwenye matete. Alivaa koti juani na kofia ya kitambaa kizito, na kila alipoulizwa kwao ni wapi alitaja mji mwingine. Alimwamkia Maduhu shikamoo ndefu iliyotosha wazee wanne, kisha akafunua majani aliyoufunikia mtumbwi. Ulikuwa wa buluu kama milango ya maduka. Maduhu akauwekea kiganja ubavuni, kama amwekeavyo ng'ombe, na alipokiondoa kiganja kilikuwa cha buluu.

"Unatoa jasho," alisema Maduhu.

"Ni rangi mpya, baba. Nimeupamba kwa ajili yako."

"Ulijuaje kuwa nakuja?"

Ignas akacheka peke yake. Hapo ndipo Maduhu, ambaye hakujua mtumbwi una upande wa mbele au hauna, alipoanza kuuliza maswali ambayo mtu wa Didia humwuliza yeyote aletaye ng'ombe.

"Ulizaliwa wapi?"

"Mimi?"

"Mtumbwi. Ulizaliwa wapi, ukakulia kwa nani, majirani zake ni akina nani?"

"Niliurithi kwa marehemu baba yangu," akasema Ignas. "Na fundi aliyeniuzia aliniapia kwamba mbao zake hazijui kuoza."

"Baba yako alikuuzia urithi?"

"Baba alikuwa fundi."

"Mashahidi wake wako wapi?"

"Wamekwenda kuvua."

"Karatasi?"

"Ililiwa na mchwa." Ignas akaishusha kofia machoni. "Mzee wangu, amua. Champaklal mwenye duka anakuja sasa hivi na gari lake kuuchukua. Mimi nakupendelea wewe kwa heshima ya mvi zako."

Jirani na hapo wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu. Tuliwauliza. Walisema mitumbwi ya ufuko wao wanaijua yote kama watoto wao, na huu wa buluu si wa kwao, wala hawaujui ni wa nani. Mimi nilidhani mambo yamefika mwisho, tutanunua kwa kubahatisha au tutarudi. Lakini Maduhu aliwafunga mafahali kwenye gogo, akapanda juu ya jiwe, akasafisha koo.

"Watu wa ziwani," alisema, "sikilizeni desturi ya kwetu. Mgeni akileta ng'ombe asiyejulikana, hatumbishii, wala hatumwiti mwizi. Tunamfungua ng'ombe jioni, tunamfuata nyuma polepole. Zizi atakaloingia ndilo la kwao, na atakayemwita kwa jina ndiye mwenyewe. Ng'ombe hana sababu ya kusema uongo. Na mtumbwi huu nitaufungua vivyo hivyo."

Wavuvi waliangua kicheko hadi mmoja akajichoma na sindano ya nyavu.

"Mzee, mtumbwi hauna miguu," alisema mmoja wao.

"Nyoka naye hana, na kwake anafika."

Nikamvuta shati. "Shemeji, hizi ni mbao."

"Na wewe ni nyama," akanijibu, "mbona ukishikwa na njaa hukosei njia ya kwa dada yako?"

Ignas alifikiri kidogo, uso wake ukang'aa, akasema, "Fungua, mzee wangu, fungua." Maduhu akaifungua kamba, wavuvi wakasaidia kusukuma kwa raha zao, na mtumbwi ulipoelea shujaa akaupiga kofi la nyuma, kofi la heshima, kama la kumuaga fahali. Upepo ulikuwa unavuma sambamba na ufuko. Ukaushika mtumbwi, ukauzungusha, ukaondoka nao ubavu mbele kandokando ya matete. Maduhu akaufuata ufukweni kwa mwendo wa mchungaji, fimbo begani, akipiga mluzi.

Hapo ndipo Ignas alipovua ngozi ya kondoo. Akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Mashahidi ninyi. Mtumbwi wangu nilimwonyesha ukiwa umefungwa. Ameufungua yeye, ameusukuma yeye. Anayefungua amenunua. Yeye amefungua wangu, nami nafungua wake." Akaziendea kamba za mafahali.

Mvuvi mzee akakuna kidevu. "Ana neno," alisema. "Kwa desturi ya ufuko huu, aliyeusukuma ndiye anayebeba hasara."

Mwenzake akasema si kweli, wa tatu akasema inategemea upepo, na baraza likafunguliwa palepale, kila mmoja wakili. Wakati huo mahari ya Januari ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwenye gogo. Mimi, niliyeambiwa nisiseme sana, nikasema kwa nguvu zangu zote.

"Shemeji, anachukua mafahali."

Maduhu hakugeuka. "Mwache," akajibu kutoka mbali. "Wana kiu."

Ewe ulimi wangu, nisaidie kuyaeleza yaliyofuata. Ignas, kwa kutaka kuwa na hakika, alikuwa amezizungusha kamba zote tatu kwenye kifundo cha mkono, akavuta kuelekea barabarani. Mafahali wakavuta kuelekea ziwani. Kwa dakika moja majeshi mawili yalisimama sawa, kofia upande huu, pembe upande ule. Kisha harufu ya maji ikaingia puani mwa fahali mmoja mweupe, naye akatoka kama treni ya Tabora, na wenziwe ubavuni mwake. Ignas alipiga mbio alizokuwa hajazikusudia. Akapita katikati ya nyavu, akapita katikati ya baraza la wavuvi, akaingia ziwani na koti lake mpaka kiunoni, na hapo mafahali wakasimama, wakainamisha vichwa, wakanywa kwa utulivu wa watu walioalikwa. Kofia ikaondoka peke yake juu ya maji.

Nikamwacha hapo amefungamana na ushindi wake, nikamkimbilia shemeji, na wavuvi wote nyuma yangu, maana mtumbwi ulikuwa umeizunguka rasi ya matete na hatuuoni tena.

Tukasikia sauti ya mwanamke.

"Tulia. Tangu jana nakutafuta, nimeuliza kila mtu wa upande huu, nimelia mbele ya watu. Na haya mapambo amekupaka nani? Ulikuwa unakwenda kuolewa wapi?"

Alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, ameushika mtumbwi kwenye pua kama mbuzi aliyekamatwa shambani kwa jirani. Huyu alikuwa Eufrasia, mjane wa Kizinza mwenye mabanda ya kukaushia samaki upande ule wa rasi. Mtumbwi wake, aliouita Tulia, ulikuwa umetoweka, na bila mtumbwi hakuwa na samaki, na bila samaki watoto wake hawakuwa na chochote.

"Mama," Maduhu aliuliza kwa adabu, "huyu ni wako?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeufungua."

Eufrasia alikitazama kiganja chake cha buluu. Kisha akanyoosha mkono mtumbwini akatoa kafi. "Kumbe ndiwe mwizi," alisema, akaanza kupanda ufuko akiuvuta mtumbwi kwa mkono wa pili.

Wapo mashujaa ambao wangekimbia. Mimi nilirudi nyuma kidogo ili kuyaona mambo vizuri zaidi. Lakini Maduhu alisimama, akaweka fimbo chini.

"Piga, mama, kama nina kosa," alisema. "Ila kwanza nionyeshe alama yake, maana huko kwetu hata ng'ombe aliyeitwa kwa jina hutazamwa sikio."

Kafi likabaki hewani. Eufrasia akamtazama, akawatazama wavuvi waliokuwa wakihema nyuma yake, nao wote wakaanza kueleza kwa pamoja, kofia, koti, mafahali na mchwa. Polepole kafi likashuka.

"Alama iko chini ya ubao wa kukalia," alisema. "Ndani, ambako hakuna mtu anayepaka rangi. Kipande cha debe, marehemu mume wangu alikipigilia kwa misumari ya viatu. Njoo uone."

Kuona kulihitaji kuingia majini. Maduhu wa Didia, ambaye maisha yake yote maji hayakuwahi kumpita kifundo, akakunja suruali, akashika pumzi, akaingia katika lambo la Mungu mpaka magotini. Akainama. Akapapasa chini ya ubao, akakuta debe, akakuta misumari ya viatu.

"Umeitwa kwa jina ukasimama," alitangaza, "na sikio lake limeonekana. Mtumbwi umefika kwao."

Tuliporudi, mafahali walikuwa bado majini, wameshiba, kamba zikielea. Ignas alikuwa amejinasua, naye alionekana mbali barabarani, kichwa wazi, koti likichuruzika, akiongeza mwendo. Champaklal hakutokea. Nilipomuuliza baadaye dukani kwake, alisema hajawahi kutaka mtumbwi, yeye huogopa hata beseni.

Eufrasia hakuuza Tulia, wala Maduhu hakuthubutu kumwomba. Lakini alimchagulia sato mmoja mpana kuliko sinia, akamwambia, "Baba, huku sisi maziwa tunayasikia tu. Lete vibuyu vyako, nami nitakupa samaki upeleke machimboni." Wakakubaliana hapohapo, mimi nikiwa shahidi.

Jioni dada yangu alisimama mlangoni mwa zizi. Akamgusa pembe kila fahali aliyeingia.

"Na mtumbwi?" aliuliza.

"Sikununua," akajibu Maduhu, kwa sauti ya mtu aliyeteka mji.

Dada yangu akampokea yule sato, akamtazama mumewe kuanzia suruali iliyolowa mpaka kiganja cha buluu, akasema, "Pole na kazi, Baba Januari," jambo ambalo sikumbuki kumsikia akimwambia kabla ya hapo.

Januari alioa baada ya mavuno, viatu vikimbana. Na watu wa Nungwe, tangu siku ile, mtu akiwaletea mtumbwi usiojulikana, huupitisha kwanza kila ufuko ili usikilizwe utaitwa na nani. Kuna miaka ambayo wazee wetu huikumbuka kwa nzige, na mingine kwa njaa. Binti yangu wa mwisho alizaliwa mwaka ule, na karani alipomuuliza mama yake mtoto alizaliwa lini, mke wangu alimjibu, "Mwaka ambao Maduhu hakununua mtumbwi." Karani hakuuliza zaidi. Alichovya kalamu, akaandika elfu moja mia tisa hamsini na mbili.