Mbuzi wa Mumbe na Kabichi za Wundanyi

Fundi Maundu wa Makau,
Barazani kwa Bwana Hirji,
Voi.
Jumapili, Agosti 1957

Kwa Bwana Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, na tumbo ndilo lililonituma nikuandikie. Ni fundi cherehani hapa Voi, msomaji wako tangu gazeti lilipoanza, na sijawahi kulalamika, hata siku ile mlipochapa picha ya chifu kichwa chini.

Mwezi uliopita, kwenye ukurasa wa afya, mliandika kwamba mtu akitaka kuishi miaka mingi bila maumivu ya magoti ale mboga tu, asiguse chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si maziwa, si mayai, si samli, hata asali. Mimi magoti yananiuma kwa kukanyaga cherehani. Nikasema haya, nitajaribu, nikatangaza barazani watu wote wasikie. Nilikuamini, Bwana Mhariri, na sasa binti yangu yuko karibu kukosa mume. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukueleza mboga ni nini. Hapa kwetu mboga ni kile kinacholiwa na ugali. Siku ya kwanza nilimwambia mke wangu, Nthambi, kwamba kuanzia leo nataka mboga tu. Akafurahi, akaniletea nyama ya mbuzi. Nilipokataa akaniuliza, kama hii si mboga, ni kiatu? Kesho yake nikasema wazi kwamba sitaki nyama. Akaniletea kuku, maana kuku si nyama, kuku ni kuku. Kesho kutwa, samaki wa Ziwa Jipe. Mwishowe akasema yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na sungura, akaacha kunipikia kabisa. Ni binti yetu Mumbe peke yake aliyenihurumia. Ndiye anayenichemshia mchicha bila samli, katika sufuria yake ndogo, akionja chumvi mara kwa mara kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

2. Bwana Hirji, mwenye duka ninaposhonea, hajaonja nyama tangu azaliwe. Nilidhani atanipongeza. Aliposikia nimeacha na maziwa na samli, alishika kichwa akasema lo, fundi, hata dini yangu mimi haijafika huko! Siku hizi wateja wakija kununua sukari huwaonyesha mimi kwanza.

3. Ukurasa wako ulinyamaza juu ya ngozi. Mtu mwenye akili lazima ajiulize: kama kitu cha mnyama kinadhuru tumboni, kitafaa vipi kiunoni? Nikavua mshipi, nikavua viatu. Kisha nikatazama cherehani, na ule mkanda wake unaozungusha gurudumu nao ni ngozi. Nikautoa, nikafunga kamba ya katani kutoka shamba la mkonge. Katani inateleza, bwana. Suruali ya karani wa stesheni imetoka mguu mmoja suruali na wa pili kaptura. Amekataa kuichukua, nami siwezi kumlaumu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jana Kilonzo, baba yake kijana anayemchumbia Mumbe, alishuka hapa na gari la moshi kutoka Mtito Andei, yeye na wazee wake na mbuzi wa ntheo. Nilimpokea kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umeshika suruali. Labda huko Nairobi mmesahau: kwetu Wakamba, mbuzi wa ntheo asipochinjwa akaliwa, hakuna ndoa, hata mkiimba kanisani mpaka sauti zikauke. Na baba wa msichana asipokula fungu lake, amemkataa mkwe mbele za watu. Kijana mwenyewe ni mzuri, anafanya kazi ya reli, na Mumbe anampenda. Jambo hilo hata Bwana Hirji analijua.

Kwa kulistahi gazeti lako, nilitafuta njia. Asubuhi hiyo lori lilikuwa limeteremsha kabichi kutoka Wundanyi, nzuri sana, zimefunga. Nikawaomba wazee tufanye ntheo kwa kabichi tatu, ya kwanza nichinje mimi mwenyewe. Kilonzo alizitazama zote tatu. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kabichi dume ni ipi. Hilo nalo hukuliandika. Wazee wakainuka na mbuzi wao, wakaenda kulala kwa jamaa yao karibu na stesheni, wakisema fundi amewadharau. Kesho wanarudi kwao.

Mumbe hakunilaumu. Leo mchana alinipikia mchicha wangu kama kawaida, akauweka mezani, akatoka nje. Haukuwa na chumvi hata kidogo.

5. Kwa hivyo naomba uandike gazetini, kwa herufi kubwa, kwamba mbuzi wa ntheo ni mboga. Sababu ninazo. Mbuzi hali nyama, hanywi chai ya maziwa, hajui samli. Tangu aache kunyonya amekula majani matupu, basi ndani yake hamna kitu ila majani. Ni mchicha unaotembea. Tena ameufuata ukurasa wako kwa uaminifu kuliko mimi, na hakuna aliyemsikia akilalamikia magoti. Wewe ukiandika, nitakula bila kuvunja neno langu. Nimekwisha kujitangaza kwa Voi nzima, siwezi kurudi nyuma peke yangu.

Najua barua hii itapanda gari lile lile litakalomrudisha Kilonzo. Kwa hiyo nakuomba unijibu kabla haijakufikia.

Wasalimie wapiga chapa wote, na yule bwana wa ukurasa wa afya, kama bado yu hai. Nthambi naye anakusalimu, ila maneno yake hayaandikiki.

Ni mimi msomaji wako mtiifu, mwenye njaa,
Maundu wa Makau, Fundi

Nyongeza, jioni hii hii: Bwana Mhariri, usijibu. Doa la mafuta lililo juu ya jina lako ni langu. Nilipokuwa naandika habari za kabichi nilisikia mbuzi akilia uani, nikadhani ni wa jirani. Kumbe Nthambi alikwenda kwa wazee akawaambia fundi amekubali, nao wakarudi na mbuzi wao. Mumbe akaingia na sahani, akaiweka juu ya barua yako, akasema, Baba, leo mboga ni hii. Hakusema nyama. Alisema mboga. Nilikula fungu langu lote mbele ya Kilonzo, na kidogo la Kilonzo. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Arusi ni Desemba, kisha Mumbe atakwenda Mtito Andei. Ningeendelea na mashauri yako, maana kusema kweli magoti yalikuwa yameanza kupata nafuu. Lakini mpishi wangu wa mchicha anaolewa, na ile sufuria ndogo nimemwambia aende nayo.