Barrigan Karudi na Uso wa Kukodi

Breki ndiye aliyechokoza. Aliingia kwenye duka letu la donati na gazeti kwapani, theluji bado iko mabegani, hata kuketi hajaketi.

"Jamani, mmesoma? Filamu ya tano ya Barrigan inaongoza nchi nzima. Na wanasema ya sita iko jikoni."

"Itaungulia humohumo," akajibu Kapteni bila kuinua macho kutoka kwenye donati yake.

Hapo tukajua asubuhi imeiva. Kapteni, jina la kanisani Orrin Halvorsen, amekuwa akimfuata Barrigan, yule shujaa wa filamu, rubani wa ndege nyekundu ya kutua majini anayesaka miji iliyozama, tangu mwaka themanini na tatu. Ana kofia ya ngozi ya rubani kama ya Barrigan. Aliivaa hata kwenye harusi yake, na mkewe hajasahau. Filamu hii ameisubiri miaka kumi na minane.

"Umeiona?" akauliza Hakimu. Huyu ni Bernadette, hakimu kwa jina la utani tu. Amefundisha nusu ya watu wa mji wetu huu wa Duluth, na mpaka leo ukikosea kusema anakutazama tu mpaka ujisahihishe mwenyewe.

"Nimeiona, mwalimu. Wametupiga! Yule mzee ana miaka sabini na tisa, kompyuta imemnyoosha uso kama shuka la hoteli. Akicheka, mdomo unacheka peke yake, macho hayana habari."

"Huo si uso, huo ni wa kukodi," Breki akadakia.

"Subiri. Anaruka kutoka juu ya bwawa la umeme, anatua kwa miguu miwili, anatembea! Hashiki hata kiuno. Mimi nikipiga chafya tu, mgongo unaita majirani. Na wewe Breki, mwaka jana si tulikuteremsha kwenye gari lako la kuzoa theluji kama tunashusha piano?"

"Usinitie mimi kwenye filamu yako!"

"Kwani zamani hakufanya upuuzi?" Hakimu akauliza. "Ya pili alipigana na mamba ndani ya ndege, na ndege iko angani."

"Ule ulikuwa upuuzi wenye heshima zake!" Kapteni akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mamba alikuwa wa kweli, akanuka kwa kweli. Sasa hivi kuna mjukuu wake wa kike. Kila fumbo analitatua yeye, kwa simu. Barrigan kazi yake kuguna tu. Amekuwa begi kwenye safari yake mwenyewe."

"Labda hujazoea kuona msichana mwenye akili."

"Binti yangu anaendesha meli ya madini, mwalimu, usinianze hapo. Mwenye akili na atambe. Lakini ile ndege nyekundu wameilipua dakika ya kumi! Hata kuiangalia mara ya mwisho hakuna. Mbwa akifa kwenye filamu ukumbi mzima unalia, ndege je?"

"La kuvunda halina ubani," Breki akasema, akilamba sukari kidoleni. Kisha akakunja jicho moja. "Ila kuna kitu sielewi, bwana. Jumanne gari lako nililiona pale sinema. Alhamisi nikaliona tena. Umeiona mara ngapi?"

Kapteni akageukia dirishani.

"Tatu."

Tulicheka mpaka mwenye duka akachungulia kutoka jikoni.

"Tatu! Chakula kibovu, na sahani umeramba mara tatu?"

"Ya kwanza niliitazama. Ya pili nilitaka kuhakikisha ni mbaya kweli, nisije nikamsingizia mtu."

"Na ya tatu?"

Kapteni akavua kofia, akaiweka magotini. Miaka yote ninayokunywa kahawa pale sijawahi kumwona akiivua.

"Ya tatu nilikwenda na Merle."

Breki akasahau kutafuna. Merle ni mdogo wake Kapteni wa tumbo moja. Miaka kumi na moja hawajasemezana, tangu Merle alipokiacha kibanda cha baba yao cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa mpaka Aprili. Barafu ikayeyuka, kibanda kikazama na jiko, na kiti, na ndoana zote za marehemu. Hata kwenye misiba walikaa pande mbili za kanisa.

"Alinipigia simu," Kapteni akasema. "Hata salamu hakutoa. Akasema, 'Wameilipua ndege, umeona?' Nikasema nimeona. Halafu akasema, 'Baba angetoka ukumbini.' Nikamwambia, 'Angetoka na kiti.' Maana baba ndiye aliyetupeleka kuona ile ya kwanza. Basi tukaenda kuitukana pamoja. Tumeitukana mpaka tukatolewa nje."

Hakimu alivua miwani akaifuta, akisingizia mvuke wa kahawa.

"Kwa hiyo filamu ina faida yake," akasema.

"Haina! Kupatana ni kupatana, takataka ni takataka. Na Merle atawaambia hivyohivyo, nimemwambia apite hapa."

Akapita kweli. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma yake mtu mrefu, pua ileile ya kina Halvorsen. Tukampa mkono. Hakimu akamsogezea kiti, akamiminiwa kahawa.

"Tunaizika filamu," Breki akamwambia. "Tia na wewe udongo."

Merle akakoroga kahawa muda mrefu.

"Unajua, nimelala nikaifikiria. Pale mwishoni, mzee anaposhindwa kuwasha injini ya mashua, akabaki anacheka... palinigusa. Kwa kweli siyo mbaya kiasi hicho."

Kapteni aliiva wekundu kuanzia shingoni. Nikasema moyoni, haya, tuhesabu miaka kumi na moja mingine.

"Kaka..." Merle akaanza.

"Usiniite kaka. Vaa koti."

"Twende wapi?"

"Kuna onyesho la saa sita mchana. Nitakuonyesha kosa moja baada ya jingine, na hiyo injini utaitazama mpaka uone haya!"

Merle akamaliza kahawa kwa funda moja. "Mimi nakaa kiti cha karibu na njia."

"Utakaa nitakapokuweka!"

Wakatoka wakibishana, tukawasikia mpaka upande wa pili wa barabara. Hakimu akaanza kutafuta glavu zake.

"Unakwenda wapi, mwalimu?" Breki akauliza.

"Wale wakishikana mashati gizani, nani atawashikia miwani?"

Tukavaa makoti.