Picha Safi Kupita Kiasi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Ushindi! Nimeipata. Mashine ya diski, aina ya blu-rei, nyeusi, nyembamba, inang'aa. Muuzaji wa soko la Kasuku ameniapia kwamba picha yake ni safi mara sita kuliko DVD. Mara sita! Hakusema nani alipima.

Nimevuka nayo mto Lualaba kwa mtumbwi, nimeipakata, imefungwa kwa kikwembe cha mke wangu Aziza. Mpiga kasia akauliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema mitatu.

Sababu ya haya yote: Jumapili wazee wanatoka Kibombo kuja kumposea Djuma binti yetu Mounira. Msemaji wao ni mjomba wa Djuma, Mzee Hamadi. Mkali! Inasemekana alishavunja posa mbili kabla chai haijapoa. Na Mounira anampenda Djuma mpaka ukimtuma sukari analeta chumvi. Kwa hiyo lazima wazee wapendezwe.

Kwetu mgeni akikaa tu anapewa albamu ya harusi ya wenye nyumba, aifunue akingoja chakula. Albamu yetu imeliwa na mchwa. Lakini tuna diski! Harusi yetu ya mwaka 2002, katikati ya vita. Hamadi ataona sisi ni watu gani.

Mounira amenishika mkono. "Papa, tafazali, siku ya posa usipange kintu. Ikala tu kwa kiti." Nimemwahidi. Kitini nitakaa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Maoni ya kwanza juu ya mashine. Trei inatoka polepole, kwa heshima. Kuna kitaa cha buluu, kizuri sana. Rimoti ina vitufe arobaini na saba, na hadi sasa nimejua kazi ya viwili. Kuamka kunaichukua muda: nimemaliza kikombe cha chai ikiwa bado inafikiri.

Kisha nikaigeuza. Balaa! Waya zangu tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hazina pa kuingia. Kuna tundu moja tu, bapa. Televisheni yangu, ile yenye mgongo mkubwa, haina tundu bapa. Mashine mbili zinatazamana mezani bila kusalimiana.

Aziza ameuliza kama niliangalia nyuma kabla ya kununua. Swali la uchokozi.

Televisheni bapa katika avenyu yetu ni moja. Ya jirani yangu Okito. Afadhali nimeze rimoti.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimekwenda kwa Okito.

Amecheka mpaka akashika ukuta. Eti siku hizi hata watoto wanatazama filamu kwa flash. "Weye ungali kwa diski?" Nikamweleza habari ya mara sita. Akacheka tena. Mwishowe amekubali kuleta televisheni na jenereta, kwa sharti: Jumapili atakaa mbele, kwenye kiti chenye mto, na nimtambulishe kwa wageni kama mwenye televisheni. Nimekubali huku nasaga meno.

Kisha avenyu nzima ikadai tuinyweshee mashine soda, maana kwetu kitu kipya kisiponyweshewa hakidumu. Wamekuja watu kumi na wanane. Hakuna hata mmoja aliyeiona ikifanya kazi. Soda wamemaliza.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Jaribio, nyumbani kwa Okito. Nikaanza na diski ya sokoni yenye filamu thelathini. Mashine imeitema. Mara tatu! Ina kiburi, lakini napenda kitu chenye msimamo.

Nikaweka diski ya harusi. Ikafikiri. Ikafikiri sana. Kisha, ya Rabi! Macho ya Aziza, nimeyaona! Shanga za marehemu mama yangu, moja moja! Nzi aliyekaa juu ya wali! Nimelia, nasema wazi. Okito naye alijifuta macho, akasingizia moshi wa jenereta.

Nimeona na jambo jingine. Kwenye suti yangu kifungo cha tatu ni chekundu. Miaka ishirini na miwili nilidhani vyote vyeusi. Kinanipendeza.

Suti yenyewe haikuwa yangu. Wakati ule wa vita mji wetu wa Kindu umefungwa, nguo haziingii, na suti nzuri ilibaki moja. Kila bwana harusi aliivaa, kisha anairudisha kwa fundi cherehani aliyeshika orodha, naye anampa anayefuata. Mimi sikuirudisha. Nilimwambia fundi, Mungu amrehemu, kwamba askari wameninyang'anya kwenye kizuizi cha barabarani. Tuishie hapo.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Naandika kwa utaratibu.

Wazee walifika saa nne. Okito alijitambulisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Samaki, sombe, wali, chai. Mzee Hamadi alikula vizuri na hata akatabasamu kidogo. Aziza alinikonyeza: tuanze mazungumzo ya posa. Mtu mwenye akili angeanza.

Nilibonyeza kitufe.

Wazee wakasogea mbele. Waliisifu picha! Mzee Hamadi akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kifua changu cha mwaka 2002.

"Iyi kifungo! Njo ile mama yangu alishona!"

Kumbe wakati ule aliishi hapa Kindu, na kwenye orodha ya fundi, kabla yangu alikuwa yeye. Alipokwenda kuijaribu suti, kifungo kimoja kilikuwa kimepotea, na kwa kuwa mji mzima haukuwa na cheusi, mama yake alikata kimoja cha blauzi yake. Kisha mchumba wake alikwama Kibombo, njia zimefungwa, zamu ikaja kwangu. Miezi minne baadaye mchumba akafika, suti hakuna. Hamadi alioa amevaa koti la mvua. Wakati wa kiangazi! Mkewe anamkumbusha mpaka leo.

Nilisema suti ilichukuliwa na askari. Nikasema suti hufanana. Nikasema mashine za kisasa zinaongeza vifungo. Okito, ambaye hakuulizwa, alisema televisheni yake haidanganyi.

Mzee Hamadi akachukua fimbo yake. Wazee wote wakainuka. Djuma alitazama sakafu. Mounira alilia bila sauti, akinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikufikiria mashine hata kidogo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Ndipo Aziza akasimama mlangoni. Akasema suti ile mimi mumewe niliibadilisha kwa kopo la chumvi. Alikuwa na mimba changa, chakula bila chumvi hakikai tumboni, na mjini chumvi ilipimwa kwa kijiko. Akamwonyesha Mounira. "Huyu mutoto mulikuja kuposa, njo ile chumvi."

Mzee Hamadi aliirudisha fimbo ukutani. Kisha akakaa. Akauliza kama chai imebaki. Akasema mwaka ule mama yake alipika kwa chumvi ya majivu, akasema ni tamu, na wote walijua anadanganya. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akaomba turudishe nyuma pale penye kifungo. Tulirudisha mara nne. Mara ya nne hakucheka tena, alikigusa tu kwa kidole, taratibu.

Posa imekubaliwa! Sharti moja: suti ya Djuma nitainunua mimi, baba wa bibi harusi, kinyume cha desturi. Mpya. Nimeapa mkono juu ya mashine.

Aziza amesema nikome kupanga mipango. Nimekoma kabisa. Mtu mzima anajifunza.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimezunguka soko la Kasuku tangu asubuhi. Suti mpya zinauzwa na watu wasio na huruma.

Lakini nimegundua jambo! Okito ana suti ya kijivu anayovaa Noeli tu. Yeye na Djuma wana mabega sawasawa, nimewapima kwa macho. Leo mchana, Okito akiwa kazini, nilimwambia mkewe Odette kwamba namjua fundi anayepiga pasi vizuri sana. Amenikabidhi suti na kunishukuru.

Nimebadilisha vifungo vyote. Vyote! Kosa la kuacha kimoja sirudii. Baada ya harusi itarudi kabatini, na kabla ya Noeli hakuna atakayeiulizia.

Nimepata pia mpiga video mwenye kamera ya picha safi kuliko zote Kindu. Na Okito, jirani mwema, amekubali kutuletea tena televisheni siku ya kuitazama. Sharti lake ni lile lile: akae mbele.